Usaili mara sita, mshahara sifuri

Wadau, mwaka huu nimeulizwa swali moja mara nyingi mpaka nimeona niliandikie kabisa. "Dada, nimeitwa kwenye usaili wa mshauri wa fedha, nijiandae vipi?" Wanaouliza ni wadogo zangu waliomaliza vyuo, wa uhasibu, wa uchumi, wa masoko, na siku hizi hata wa ualimu na sosholojia. Wanauliza wavae nini. Wanauliza wakiambiwa "jieleze" waanzie wapi. Mmoja aliniuliza kama ataje kwamba alikuwa mweka hazina wa darasa. Nawapenda sana, lakini majibu wanayoyataka siyo yatakayowasaidia, na leo naomba nitoe dukuduku langu lote.

Ninachosema ni hiki: sehemu kubwa ya kinachoitwa usaili wa mshauri wa fedha hapa mjini siyo usaili. Ni kazi. Ni kazi ya bure iliyokatwa vipande vitano au sita, ikapakwa rangi ya ushindani ili ujione una bahati kila unapovuka kipande kimoja. Wewe unajiandaa kupimwa akili, wenzako wanapima idadi ya namba zilizomo kwenye simu yako.

Najua wapo watakaokasirika, hasa mameneja wa mauzo. Wasome kwanza mpaka mwisho ndipo watukane.

Tuanze na jina lenyewe. "Mshauri wa fedha" linapendeza kwenye kadi, linapendeza zaidi mama akimtajia jirani. Lakini jina hilo peke yake halikupi leseni ya kitu chochote. Anayeuza bima kwa niaba ya kampuni ni wakala wa bima, na anasajiliwa na TIRA chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Anayetaka kuwashauri watu kuhusu hisa na hatifungani anatakiwa awe na leseni ya CMSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994. Hizo ni kazi mbili tofauti, zenye mitihani tofauti na wasimamizi tofauti. Sasa soma tangazo: "Washauri wa Fedha, nafasi 30, shahada yoyote, uzoefu si lazima." Nafasi thelathini! Hivi umewahi kuona kampuni ikiajiri wahasibu thelathini kwa mpigo? Mhasibu ana mshahara, kwa hiyo kila nafasi inahesabiwa. Hapa nafasi hazihesabiwi kwa sababu hazina gharama. Wakija thelathini ni sawa, wakija mia ni sawa zaidi.

Tena nisieleweke vibaya. Sioni aibu yoyote katika uwakala wa bima. Bima ya maisha ni kitu cha maana, na baba wa familia akiondoka ghafla huku watoto wako shule, yule wakala aliyekuwa anamsumbua kila mwezi ndiye anayekumbukwa kwa wema. Aibu ni ya anayeificha kazi hiyo nyuma ya jina lingine mpaka mtoto wa watu afike hatua ya tano ndipo aambiwe.

Hizo hatua nimezisikia kutoka kwa vijana waliopita kwenye kampuni tofauti, na mimi mwenyewe nilikaa kwenye semina mbili za namna hiyo kabla sijapata kazi ya gazeti. Majina ya kampuni nayaacha. Mfumo unafanana mno kiasi kwamba ukimsikiliza mmoja umewasikiliza wote.

Unapigiwa simu na binti mwenye sauti nzuri. "Hongera, CV yako imechaguliwa." Imechaguliwa na nani, kati ya ngapi, hasemi. Unaambiwa uje Jumanne saa tatu, uvae kiofisi. Unaazima tai, unabeba bahasha yako ya kaki, unapanda daladala mbili. Ukifika unakuta mko arobaini na tano na hakuna usaili siku hiyo, kuna semina. Projekta inawashwa. Anatoka kaka mmoja mwenye suti iliyomkaa vizuri, anauliza: "Nani hapa anataka kuwa tajiri?" Mikono juu. Anaonyesha picha ya gari lake. Anaonyesha picha ya Dubai. Kwa muda wa saa mbili hakuna aliyetaja neno mshahara, na hakuna aliyethubutu kuuliza kwa sababu tumefundishwa kwamba kuuliza mshahara mapema ni tamaa.

Kwenye semina mojawapo tulionyeshwa kipande cha ile filamu ya Will Smith ya mwaka 2006, The Pursuit of Happyness, pale anapoingia kwenye usaili akiwa na rangi mwilini. Watu wakalengwalengwa na machozi. Kwenye filamu hiyo Chris Gardner anafanya mafunzo ya miezi sita bila kulipwa hata senti, na hiyo ndiyo sehemu ambayo kaka wa suti alitaka tuione. Ambacho hakutuambia ni kwamba Gardner halisi, aliyepitia mafunzo katika kampuni ya Dean Witter kule San Francisco, alikuwa akipewa posho. Ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Watengenezaji wa filamu waliiondoa ili tulie zaidi, na wenzetu wa hapa wakaichukua filamu kama mwongozo wa rasilimali watu!

Baada ya semina unapigiwa tena. Hongera nyingine. Safari hii unafanya jaribio la tabia: chagua neno linalokueleza vizuri, mvumilivu au mchangamfu. Halafu unakutana na meneja, anakupa kalamu anasema niuzie. Hili la kalamu limezeeka, lakini bado wanalo. Mpaka hapo hakuna aliyekuuliza riba mchanganyiko ni nini.

Sasa njoo kwenye hatua ninayotaka tuitazame kwa karibu. Unapewa karatasi ishirini au thelathini, unaambiwa ni utafiti wa soko, sehemu ya kupima uwezo wako wa mawasiliano. Nenda ukawahoji watu unaowafahamu: umri, kazi, idadi ya watoto, kipato kwa makadirio, kama wana bima, namba ya simu. Unazijaza kwa uaminifu. Ukirudisha, unapewa karatasi nyingine ndefu yenye mistari mia moja. Andika majina mia ya watu unaowajua. Ndugu, majirani, mliosoma nao, wazee wa kanisani, wenzako wa msikitini, mwalimu wako wa sekondari, mwenye nyumba wenu. Mbele ya kila jina weka namba ya simu na alama: huyu ana uwezo mkubwa, huyu wa kati, huyu mdogo.

Simama hapo kidogo. Hujaajiriwa. Hujasaini chochote. Na tayari umeikabidhi kampuni ukoo wako mzima ukiwa umepangwa kwa madaraja ya kipato.

Kijana mmoja ninayemfahamu, msomi wa uchumi, aliandika majina mia moja na nne akaona ameweka rekodi. Wiki ya tatu akagundua hakuna mshahara, akaondoka. Miezi miwili baadaye shangazi yake wa Mbagala akampigia: "Mwanangu, mbona mwenzio ananipigia kila siku, anasema wewe ndiye uliyemtuma?" Mwenzio ni mwajiriwa mtarajiwa mwingine, amekabidhiwa karatasi ya aliyemtangulia. Yule kijana hayupo, lakini shangazi yake amebaki kwenye mafaili. Ndiyo maana nasema kwamba hata wanaoshindwa usaili huu wameshafanya kazi, na kazi yao ina thamani. Kampuni ikiita vijana arobaini na tano, wakaacha majina mia mia, hiyo ni orodha ya watu elfu nne na mia tano. Nenda kajaribu kununua orodha ya namna hiyo uone bei yake.

Na sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ni kwamba mwenye taarifa ajue taarifa zake zinakusanywa na nani na kwa ajili ya nini. Shangazi wa Mbagala hakuulizwa. Alihojiwa na mtoto wa kaka yake akidhani anamsaidia kupata kazi. Akaeleza kipato chake na idadi ya wanaomtegemea, mambo ambayo hata jirani hamwambii. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, na ningependa siku moja iombe kuona hayo makabati yenye karatasi za majina mia.

Baada ya majina ndipo unaambiwa umefaulu. Kuna mafunzo ya wiki moja au mbili, bila posho, chakula juu yako. Kuna mtihani wa cheti cha umahiri wa bima. Mtihani ni jambo jema, siupingi hata kidogo, ila mara nyingi ada unalipa mwenyewe, au kampuni inalipa halafu inakukata kwenye kamisheni. Mwisho kabisa, siku ambayo umeshawaambia nyumbani kwamba umepata kazi, umeshaombewa, mdogo wako ameshaomba viatu, unawekewa mkataba mezani. Ukurasa wa kwanza umeandikwa kwamba wewe siyo mwajiriwa wa kampuni. Wewe ni wakala wa kujitegemea. Malipo ni kamisheni tu.

Kwa nini hilo halikusemwa siku ya semina? Linachukua sekunde tano. "Ndugu zangu, kazi hii haina mshahara, ni kamisheni." Ninavyoona mimi, lingesemwa, nusu ya ukumbi ungeinuka. Hatua sita zinawekwa ili ikifika siku ya ukweli uwe umeshapoteza nauli, muda na sifa kiasi kwamba kurudi nyuma kunauma kuliko kusaini. Wavuvi wanaujua mtego huu: dema ina mlango mpana wa kuingilia na mdomo mwembamba wa kutokea.

Halafu kichekesho kinaanza baada ya kusaini. Wakala wa kujitegemea, eti, anatakiwa aripoti ofisini kila siku saa mbili asubuhi. Akichelewa anapigwa faini ya shilingi elfu kadhaa inayoingia kwenye kopo. Anavaa suti ya rangi iliyopangwa. Anatoa ripoti ya simu alizopiga. Haruhusiwi kuuza bidhaa za kampuni nyingine. Kujitegemea gani huko?

Someni kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo lipo hata jambo moja kati ya haya: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anategemea kipato kutoka kwa huyo mmoja, anamfanyia kazi huyo mmoja tu, au amemfanyia kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Mambo mengine yapo, nimetaja yanayotuhusu. Sasa piga hesabu. Kikao cha asubuhi cha saa mbili, siku ishirini na mbili za kazi, ni saa 44. Bado hujamtembelea mteja hata mmoja. Mimi si mwanasheria na kila mkataba una maneno yake, lakini nasubiri kwa hamu siku wakala mmoja atakapokwenda CMA na daftari la mahudhurio la ofisi yake mkononi.

Wapo watakaosema mimi napinga kamisheni. Sipingi. Dalali wa nyumba anaishi kwa kamisheni, na kila mtu anajua, na hakuna dalali aliyewahi kumfanyia mtu usaili mara sita. Wapo watakaosema kuuza ni kazi ya uvumilivu, kwa hiyo hatua nyingi zinachuja wasio wavumilivu. Sawa, pima uvumilivu wangu ukiwa umeniambia ninachovumilia. Na wapo watakaosema, hili nalisikia zaidi kutoka kwa vijana wenyewe, kwamba ni bora hiyo kuliko kukaa nyumbani. Hili linaniumiza kwa sababu nalielewa. Nimekaa nyumbani. Najua inavyokuwa saa nne asubuhi wenzako wote wameondoka na wewe unajifanya unafagia uwanja. Lakini kukaa nyumbani hakukudai nauli ya Posta kila siku, vocha, suti na chakula cha mchana. Baada ya miezi mitatu wapo wanaotoka na madeni ambayo asiyetoka nyumbani hana. Na wapo wanaofanikiwa, wapo kweli, nimekutana nao, wengine wana nyumba. Wengi wao walianza wakiwa na mtaji ambao haukuandikwa kwenye tangazo: mjomba mwenye kampuni ya malori, baba mchungaji mwenye waumini elfu, mume anayelipa kodi ya nyumba huku wewe unasubiri kamisheni.

Lakini jamani, mpaka hapa nimemlilia kijana tu, na kuna anayeumia zaidi yake. Ni huyo anayeshauriwa.

Chukua mfano, namba ni zangu nimezitunga ili hesabu iwe rahisi. Kijana anamwendea mama yake mdogo na mpango wa akiba na bima ya maisha: weka shilingi 100,000 kila mwezi kwa miaka 10, mwisho upate milioni 15. Mama mdogo anapiga hesabu, anaweka milioni 12, anapata milioni 15, faida milioni 3. "Asilimia ishirini na tano, mama!" anasema kijana, na anasema kwa moyo mweupe kwa sababu ndivyo alivyofundishwa. Siyo asilimia ishirini na tano. Ile laki ya kwanza imekaa miaka kumi, laki ya mwisho imekaa mwezi mmoja, na ukipiga hesabu inavyotakiwa unapata kama asilimia 4 na nusu hivi kwa mwaka. Miaka hii mfumuko wa bei wetu umekuwa ukitembea kwenye asilimia 3 hivi. Kwa hiyo faida halisi ni kiduchu. Ndani yake kuna kinga ya kifo, ni kweli, na kinga hiyo ina thamani, kwa hiyo si haki kuulinganisha mpango huo moja kwa moja na hatifungani ya serikali. Lakini mshauri wa kweli angeyasema yote hayo na kumwacha mama mdogo achague. Je, katika hatua zile sita kuna mahali kijana alipimwa kama anaweza kupiga hesabu hiyo? Walimpa kalamu auze.

Sasa tuseme mwaka wa pili biashara ya mama mdogo inayumba na anashindwa kuendelea kulipa. Mikataba mingi ya aina hii ukiivunja miaka miwili au mitatu ya mwanzo unaambulia kidogo sana au huambulii kitu. Wakati huohuo kamisheni ya wakala imelundikwa mwaka wa kwanza. Yaani kijana anakula mama mdogo akisaini, siyo mama mdogo akifika mwisho salama. Kijana mwenye njaa, asiye na mshahara, anayedaiwa kodi, mwenye meneja anayemuuliza kila asubuhi "leo unafunga ngapi?", huyo ndiye tuliyemwita mshauri. Mshauri wa nani? Tangu lini mwenye njaa akapewa mizani?

Uingereza walilitazama jambo hili wakaona halifai. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 walipiga marufuku kamisheni kwenye ushauri mpya wa uwekezaji na pensheni kwa watu binafsi. Mshauri anamtoza mteja ada waliyokubaliana wazi, na viwango vya elimu kwa washauri vikapandishwa. Marekani hawakufika huko, na kwao orodha za majina ya ndugu zipo kama zetu, tena inawezekana sisi ndio tuliziiga. Lakini anayeingia kwenye kampuni kubwa za uwekezaji kule anajua mbele kuna mtihani wa SIE wenye maswali 75 na ule wa Series 7 wenye maswali 125, na kampuni nyingi kubwa humlipa mshahara wakati anausomea. Usaili wao nao ni mrefu, wiki kwa wiki. Tofauti ni kwamba mwisho wake kuna kitu, na kitu hicho kimeandikwa tangu tangazo.

Na sisi ndio tunaohitaji washauri wa kweli kuliko wao. Tumesahau DECI? Maelfu ya watu walipanda mbegu, wakaambiwa watavuna mara mbili, mara tatu, mpaka serikali ilipousimamisha ule mchezo mwaka 2009. Waliopanda hawakuwa wajinga, walikuwa walimu, wafanyabiashara wa sokoni, wastaafu. Walikosa mtu mmoja wa kumwuliza, ambaye hapati chochote wakisema ndiyo na hapotezi chochote wakisema hapana. Kila tunapompa cheo hicho kijana wa majina mia, tunazidi kuwafundisha watu kwamba anayekuja kuzungumzia fedha zako amekuja kuzichukua. Halafu tunashangaa wananchi kuficha hela kwenye godoro.

Basi turudi kwenye swali, nijiandae vipi. Kama umeitwa, sikuzuii kwenda. Nenda, lakini badili unachojiandaa nacho. Siku ileile ya kwanza, yule wa sauti nzuri akipiga simu, mwulize mambo matatu: nitakuwa mwajiriwa au wakala, kuna mshahara wa kuanzia au hakuna, na ada ya mtihani na usajili analipa nani. Mwulize kwa adabu, shikamoo kama ni mkubwa kwako. Usione aibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mwajiriwa maelezo ya kazi kwa maandishi anapoanza, malipo na saa za kazi yakiwemo, sasa kuyauliza kabla tamaa iko wapi? Akikujibu "hayo utaelezwa mbele ya safari", umeshajibiwa.

Wakikupa karatasi ya majina, waulize itatunzwa wapi na itafanywa nini usipochaguliwa. Usiandike namba ya mtu ambaye hujampigia kumwomba ruhusa. Nimewaambia vijana wawili wafanye hivyo. Mmoja aliambiwa hana moyo wa kibiashara. Wa pili aliandika majina kumi na moja, wote wameridhia, na meneja, kwa mshangao wangu, alikubali. Wapo mameneja waungwana.

Omba mkataba uende nao nyumbani usiku mmoja. Angalia kipengele cha kurudisha kamisheni mteja akiacha kulipa, kwa sababu kipo, na ndicho kinachowakuta watu mwezi wa nane wakiwa wameshatumia hela. Na uhesabu mfukoni: bila kipato kabisa, una nauli na chakula cha miezi mingapi? Kama jibu ni wiki tatu, hata uwe na ulimi wa asali hiyo kazi itakushinda, na itakushinda ukiwa umeshaingiza familia nzima kwenye madeni ya heshima.

Kama kweli moyo wako uko kwenye ushauri wa fedha, na siyo kwamba ni tangazo tu ndilo lililokukuta, basi kuna milango mingine. Ni michache, sidanganyi. Madalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam wanaajiri, kwa kudonoa. Wasimamizi wa mifuko ya uwekezaji wanaajiri. Benki zina vitengo vya wateja wakubwa. Huko nako utaitwa mara tatu, mara nne, lakini utaulizwa vitu. Soko la DSE lilianza biashara mwaka 1998, ujue limefikaje lilipo. Mfuko wa Umoja ulianzishwa mwaka 2005, ujue thamani ya kipande inapatikanaje. Serikali inauza hatifungani za mpaka miaka 25 tangu mwaka 2021, ujue kwa nini bei yake inashuka riba zikipanda, kwa sababu hilo ni swali la dakika ya pili. CMSA wana kozi ya kuwathibitisha watendaji wa masoko ya mitaji, na anayekwenda kwenye usaili akiwa nayo hahitaji kuuza kalamu ya mtu. Ile hesabu ya mama mdogo hapo juu, irudie kwa mkono wako mpaka uipate bila kuangalia. Kisha ibadilishe iwe miaka 15, iwe elfu hamsini.

TIRA wangeweza kulimaliza hili kwa waraka wa ukurasa mmoja: tangazo lolote la kutafuta mawakala litaje neno wakala, liseme kama kuna mshahara au hakuna, na mtu asiyesajiliwa bado asitumwe kukusanya taarifa za wateja. Sioni ugumu wake. Kampuni zenyewe zingefaidika, maana zingepata watu wachache waliokuja wakijua, badala ya kundi jipya kila robo mwaka linaloondoka na hasira na kwenda kuitukana bima mitaani.

Nakusanya mikataba ya namna hii kwa ajili ya habari ndefu zaidi. Mwenye nakala anitumie kwa barua pepe, afute jina lake na namba ya kitambulisho kwanza. Kama una ile karatasi ya majina mia, piga picha ya vichwa vya safu tu, juu kabisa, majina ya ndugu zako yaache.